Mwalimu msaidizi wa maandalizi: kazi iko baina ya vipindi

Ukiingia darasa la maandalizi hapa Zanzibar, yaani la kabla ya darasa la kwanza, ukakuta walimu wawili, msaidizi unamjua mara moja: ndiye asiyesimama ubaoni. Wengi hudhani basi kazi yake ni kufagia, kugawa uji na kunyamazisha. Mimi naigawa kazi hii vyengine. Mwalimu wa darasa anashika kipindi. Msaidizi anashika dakika zilizo baina ya kipindi na kipindi. Hizo ndizo dakika watoto wanapoumizana, wanapojikojolea, na wanapochomoka mlangoni bila ya mtu kuona.

Chukua kunawa mikono kabla ya uji. Watoto 30, bomba moja, kila mmoja nusu dakika: robo saa nzima imekwenda, na wa mwisho kwenye foleni keshamvuta mwenzake mtandio mara tatu. Huyo si mtundu, hana la kufanya tu. Dawa yake si kupiga kelele. Weka sehemu mbili za kunawia, mwalimu abaki mkekani akiimba na watoto, wewe uwaite sita sita. Kila kundi linamaliza kwa dakika moja na nusu, na wanaongoja wanangoja wakiwa wamekaa na wimbo mdomoni.

Pasipo bomba, kibuyu chirizi kinatosha: dumu la lita 5, nguzo mbili zenye panda, mti wa kupitisha juu, kamba, na kijiti cha kukanyagia. Toboa kwa msumari mwembamba uliopashwa moto, juu ya kimo cha maji, ili dumu likiwa wima lisivuje na likiinama lichirizike. Makosa ninayoyaona ni yale yale. Tundu huwa kubwa, maji yakaisha kabla kundi la pili halijafika. Au dumu hutundikwa kwa kimo cha mtu mzima, maji yakateremkia viwikoni na mikono ya sare ikarowa. Litundike usawa wa kitovu cha mtoto mfupi kuliko wote. Sabuni nayo itie ndani ya kipande cha soksi kuukuu uifunge nguzoni, la sivyo itaishia mchangani.

Wakati mwalimu anasomesha, usikae nyuma ukutani. Kaa mkekani, karibu na mtoto asiyetulia, na utazame nyuso za watoto, si ubao. Mkono begani unatosha. Ukisema "shii!" kwa sauti, watoto 30 watakugeukia wewe na hadithi itakatika. Waliowahi kufanya kazi katika vituo vya TUTU, yaani Tucheze Tujifunze, wanaijua nidhamu hii vizuri, kwa sababu kule somo liliongozwa na redio, na redio haikusubiri. Inauliza, inanyamaza kidogo ili watoto wajibu, inaendelea. Mtu mzima aliyemo chumbani lazima awe ameshaweka vizibo mbele ya kila mtoto kabla swali halijatoka.

Vizibo vya soda, makoa, vifuu na komwe ndivyo vifaa vyetu bora, na havina bei. Visihesabiwe mbele ya watoto. Andaa jana yake mifuko midogo, kila mmoja vitu 10, na ukikusanya uhesabu tena. Kizibo kilichopotea huenda kimo mdomoni mwa mtu. Watoto wa miaka minne na mitano wengi hawatii vitu mdomoni, lakini wadogo zao wanaoletwa pamoja nao wanatia. Haragwe au komwe ikiingia puani, usichokoe kwa kidole wala kijiti, na usitie maji: haragwe hunyonya maji likafura. Ziba tundu lililo wazi, mwambie afunge mdomo apenge kwa nguvu. Likikataa baada ya mara mbili, ni hospitali. Betri ndogo ya duara, puani au tumboni, haijaribiwi kitu chochote nyumbani wala skuli; ni hospitali papo hapo.

Unga wa kuchezea: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, vijiko viwili vya mafuta, na maji ya uvuguvugu kidogo kidogo mpaka karibu kikombe kimoja. Kanda mpaka usishike vidole. Chumvi ikizidi, donge linamong'onyoka. Wakati wa masika litakutoka jasho hata kama umelikanda vizuri, maana chumvi inavuta unyevu wa hewa. Ongeza unga kiganja kimoja na ulifungie kwenye kopo lenye mfuniko. Na waambie mapema kuwa si andazi.

Kuna mtego mmoja ambao wasaidizi wazuri ndio wanaonasa zaidi: kumfanyia mtoto. Mtoto anahangaika na kifungo, foleni inangoja, unamfunga wewe. Kesho tena, keshokutwa tena. Anzia mwisho wa kazi badala yake: wewe pitisha kifungo nusu, yeye akivute. Akishaweza, muachie hatua moja zaidi. Kwenye lugha ni hivyo hivyo. Mtoto wa Makunduchi au wa Tumbatu akikujibu kwa maneno ya kwao, usimcheke na usimsahihishe mbele za watu; pokea jibu lake, kisha lirudie kwa maneno ya kitabuni ndani ya sentensi yako.

Chooni, simama mahali unapoonekana na mwalimu mwenzako, mlango usifungwe kwa ndani. Weka mfuko wenye chupi tatu, kaptula mbili, gauni moja na mfuko wa plastiki wa nguo mbichi. Aliyejikojolea hutolewa kimya kimya. Na mtoto akikwambia neno la kutisha kuhusu mtu aliyemgusa, sikiliza, usimhoji wala usimuahidi siri. Andika maneno yake kama alivyoyasema, yapeleke kwa mkuu wa skuli siku ile ile. Vituo vya Mkono kwa Mkono, vinavyowahudumia waliodhalilishwa, viko hospitalini kwa kazi hiyo, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 ipo.

Mchana ni kazi nyengine kabisa. Penye skuli ya mikondo miwili, wengine wakisoma asubuhi na wengine jioni, kituo cha kulelea watoto baada ya skuli hupokea wa asubuhi huku wa jioni wakiaga kwenda skuli, na katikati yao wapo wanaokwenda chuoni, yaani madrasa. Daftari la mahudhurio la safu moja halifai. Tia safu nne: ameingia saa ngapi, kutoka wapi, anaondoka saa ngapi, kwenda wapi. Saa saba ndiyo saa mbaya kuliko zote, kwani kila mtu anaamini mtoto yuko kwa mwengine.

Chakula kwanza, kisha kulala. Mikeka itandikwe kichwa kwa miguu, ili aliyelala na mafua asimkoholee mwenzake usoni, na kila mmoja awe na shuka lake lenye jina. Asiyeshikwa na usingizi baada ya dakika 20 apewe kitabu cha picha. Kumlazimisha kunawaamsha wengine wote.

Kazi za nyumbani za darasa la kwanza mpaka la nne zisizidi dakika 20 au 30 kwa mkupuo. Usishike penseli ya mtoto. Mwambie akusomee swali, kwani mara nyingi kilichomshinda ni kulisoma, wala si hesabu yenyewe. Akishindwa kweli, liache wazi na umuandikie mwalimu wake mstari mmoja daftarini. Daftari lililojaa majibu yako linamficha mwalimu anachotaka kukijua. Juzuu sikiliza tu anavyohifadhi. Matamshi muachie maalim wake.

Jioni, mzazi apewe habari moja ya kweli badala ya "hajambo": hakumaliza wali, amelala saa moja, ameanguka bembeani. Kichwa kikigongwa huelezwa siku hiyo hiyo hata kama hakuna uvimbe, pamoja na dalili za kumkimbiza hospitali usiku: kutapika, usingizi usio wa kawaida, kichwa kinachozidi kuuma. Majina ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto yabandikwe ndani ya kabati, si ukutani panapoonekana na kila mpita njia. Dada wa darasa la pili akija peke yake na hayumo, mpigie mama kwanza, na wote wawili wangoje ndani.