Jina Moja Kwenye Orodha Mbili: Kuhakiki Ufadhili wa Shule Florida

Mtoto anayesomeshwa shule binafsi kwa ufadhili wa jimbo la Florida haruhusiwi kuwa mwanafunzi wa shule ya umma wakati huohuo. Akihesabiwa kote kuwili, jimbo limelipa mara mbili kwa mtoto mmoja, na upande mmoja, kama tunavyosema kwetu, una mwanafunzi hewa. Kazi ya mhakiki ni kujua ni upande upi.

Programu zenyewe ni mbili kubwa, Florida Tax Credit Scholarship iliyoanzishwa 2001 na Family Empowerment Scholarship ya 2019. Fedha hupitia taasisi kama Step Up For Students. Sheria iliyosainiwa Machi 2023 iliondoa sharti la kipato, na kuanzia 1 Julai mwaka huo mkazi yeyote wa Florida mwenye mtoto wa chekechea hadi darasa la 12 akawa na haki ya kuomba. Orodha zikavimba, na uhakiki uleule ukalazimika kubeba mzigo mkubwa zaidi katika wilaya zote 67.

Kwanza tuelewane kuhusu shule ya umma ni ipi. Shule ya charter, yaani inayolipiwa na fedha za umma lakini inajiendesha yenyewe, imo, hata kama ina sare nzuri na bodi yake yenyewe. Shule ya mtandaoni ya muda wote inayolipiwa na jimbo imo. Shule ya viziwi na vipofu ya St. Augustine imo, na shule za mazoezi za vyuo vikuu nazo zimo. Wazazi wengi huteleza kwenye charter, kwa kuwa hailipishi karo na haifanani na shule ya mtaani.

Watu wakisikia kulinganisha orodha hufikiria majina. Majina yana usumbufu wake, lakini kinachowakwamisha watoto wengi ni tarehe. Malipo ya ufadhili huingia kwenye akaunti ya mtoto kwa awamu nne: Septemba, Novemba, Februari na Aprili. Shule za umma nazo huhesabiwa kwa sensa mbili kuu, Survey 2 ya Oktoba na Survey 3 ya Februari. Kila moja hubeba nusu ya FTE, kipimo cha mwanafunzi mmoja wa muda wote, na hicho ndicho kinachoipatia wilaya fedha. Weka kalenda hizo mbili pamoja na utaona tundu: awamu ya kwanza ya ufadhili hutoka kabla sensa ya Oktoba haijafanyika. Uhakiki wa mapema hutegemea uandikishaji wa siku za kwanza za muhula, na takwimu hizo ndizo mbichi kuliko zote za mwaka.

Ubichi wake una sababu. Mfumo wa wilaya humpandisha mtoto darasa wenyewe. Aliyemaliza la nne mwezi Mei anaonekana la tano mwezi Agosti, hata kama mzazi alishampeleka shule binafsi Juni bila kumwarifu mtu. Hatoki kwenye orodha mpaka karani wa shule ya zamani aandike msimbo wa kuondoka, na Agosti karani huyo ana foleni ya wazazi mlangoni.

Misimbo hiyo inafaa kujulikana kwa kichwa. DNE ni mtoto aliyetarajiwa asitokee. W04 ni aliyekwenda shule isiyo ya umma. W24 ni aliyeondoka kwenda kusomea nyumbani. W3A ni aliyehamia shule ya umma ya wilaya nyingine ndani ya Florida. Nikiona W04 yenye tarehe iliyotangulia siku ya kwanza ya masomo shule binafsi, jalada hilo nalifunga hapohapo. Nikiona W3A natafuta jina hilo kwenye wilaya 66 zilizobaki, kwa sababu mtoto hakutoka shule za umma, kahama wilaya tu. W24 ina mtego wake. Kuna ufadhili wa PEP kwa watoto wasiosoma muda wote shuleni, na mtoto wa PEP hatakiwi kuwa kwenye daftari la wilaya la wanaosomea nyumbani. Mzazi aliyewahi kujiandikisha huko anapaswa kupeleka wilayani taarifa ya kusitisha, jambo linalosahaulika sana.

Halafu kuna kuandikishwa na kuna kuhudhuria. Ili ahesabiwe kwenye sensa ya Oktoba, mtoto lazima awe ameandikishwa wiki ya sensa na awe amefika shuleni angalau siku moja katika wiki hiyo au katika siku sita za masomo zilizoitangulia. Jumla ni dirisha la siku 11. Sasa chukua mtoto aliyesoma shule ya umma hadi Jumanne ya wiki ya sensa, akaanza shule binafsi Jumatano. Wilaya ina haki ya nusu yake ya FTE, na shule binafsi ina mwanafunzi halali. Kompyuta itapiga kengele, na hakuna aliyedanganya. Linaloamuliwa hapo ni awamu ipi ya malipo ianze kumhusu.

Turudi kwenye majina. Kila mwanafunzi wa umma ana FLEID, namba inayoanza na FL ikifuatiwa na tarakimu 12. Mtoto ambaye hajawahi kukanyaga shule ya umma mara nyingi hana, kwa hiyo unabaki kumtafuta kama mtu anayemtafuta mwanafunzi Tanzania bila namba ya PREM: kwa jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na jina la mzazi.

Utaratibu ninaouamini ni huu. Chukua mafaili yote mawili yakionyesha hali ya siku moja; faili la ufadhili la tarehe 1 ukililinganisha na la wilaya la tarehe 20 utazalisha kesi za bure. Safisha majina kwenye safu mpya: herufi kubwa tupu, bila vistari, bila alama za ritifaa, bila Jr. Safu ya asili usiiguse. Mzunguko wa kwanza utafute walio sawa kwa jina la kwanza, la ukoo na tarehe ya kuzaliwa. Wa pili utumie tarehe ya kuzaliwa, herufi tatu za mwanzo za ukoo na anwani. Wa tatu ugeuze: jina la kwanza liwe la mwisho, siku iwe mwezi. Matokeo ya mzunguko wa tatu yasimzuilie mtu malipo kabla binadamu hajayasoma.

Pacha ndio mtihani wa kwanza. Hassan na Hussein wana ukoo mmoja, siku moja ya kuzaliwa, nyumba moja na mama mmoja. Programu inayotazama herufi ya kwanza tu ya jina inawaona mtu mmoja, na Hassan wa shule ya umma anamzuilia Hussein ufadhili wake.

Mtihani wa pili unawagusa moja kwa moja wasomaji wa Kiswahili walioko Florida. Kwenye familia za wakimbizi, zikiwemo za Wakongo waliopokelewa Jacksonville, tarehe ya 1 Januari ni ya kawaida mno, kwa kuwa ndiyo huandikwa pale siku halisi isipojulikana. Tarehe inayowahusu watoto wengi haitambulishi yeyote, kwa hiyo kundi hilo lihitaji kigezo cha ziada, kwa mfano jina la mlezi. Mtoto mwenye majina matatu naye anaweza kuwa na ukoo mmoja shule ya umma na mwingine kwenye fomu ya ufadhili. Na mzazi aliyezoea kuanza na siku akiandika 04/09 akimaanisha 4 Septemba, Marekani inasoma 9 Aprili. Siku ikizidi 12 fomu hukataa na kosa huonekana. Ikiwa 12 au chini yake, hupita kimya.

Jina likishapatikana kwenye orodha zote mbili, omba karatasi mbili: ya kuondoka kutoka shule ya umma ya mwisho yenye tarehe, na mahudhurio kutoka shule binafsi kuanzia siku ya kwanza. Mahudhurio yasome kwa jicho kali. Daftari linaloonyesha mtoto yupo darasani Jumatatu ya kwanza ya Septemba, sikukuu ya wafanyakazi Marekani, limejazwa kwa mkupuo. Kwa upande wa wilaya omba mahudhurio ya kila siku. Neno "ameandikishwa" peke yake halitoshi. Mtoto mwenye siku sifuri tangu shule zifunguliwe ni jina lililosahaulika kufutwa. Mwenye siku 30 ni kesi kweli.

Kuna kundi moja linaloonekana kosa na si kosa. Sheria inaruhusu mtoto wa ufadhili kununua somo moja moja kutoka shule ya umma, tuseme kemia au bendi, akilipia kwa fedha za akaunti yake, na kwa kufanya hivyo hahesabiwi kuwa ameandikishwa huko. Shule humfungulia kumbukumbu hata hivyo, na jina linaibuka. Tazama safu ya FTE. Ikiwa sifuri, mwache mtoto aendelee. Ikiwa wilaya imemtoza mzazi na papo hapo ikamdai FTE kwa jimbo, barua iende wilayani, wala si kwa mzazi.

Uamuzi ukishatoka, tunza nakala ya mafaili yote mawili kama yalivyokuwa siku ya uhakiki. Wilaya huruhusiwa kurekebisha takwimu za sensa baada ya wiki yenyewe kupita, na mzazi akikata rufaa Januari, faili la wilaya la wakati huo huenda halina tena mstari uliosababisha malipo yake yasimamishwe.