Usigawe diski yote siku ya kwanza

Seva mpya ikifika, anayeisimika hushawishika kumaliza nafasi yote siku hiyohiyo: nusu kwa hifadhidata, nusu kwa mafaili ya watumiaji, kazi imekwisha. Baada ya miezi kadhaa hifadhidata imejaa pomoni, ilhali upande wa pili kuna mamia ya gigabaiti ambazo hakuna aliyezigusa. Kazi yangu ni kusimamia seva za Linux, na ushauri ninaoutoa mara nyingi kuliko wowote ni huu: tumia LVM, gawa kidogo, na nafasi inayobaki iache bila mwenyewe.

LVM ni tabaka linalokaa kati ya diski na mfumo wa mafaili. Heinz Mauelshagen aliiandikia Linux mwaka 1998, akifuata muundo uliokuwapo tayari kwenye HP-UX, mfumo endeshi wa kampuni ya HP. Ngazi zake ni tatu. Diski, au patisheni (sehemu) yake, unaiandikisha ili LVM iitambue. Diski zilizoandikishwa unazikusanya katika kundi moja. Kutoka kwenye kundi hilo unakata voliumu, na voliumu ndiyo unayoiwekea mfumo wa mafaili. Kwa ndani, nafasi ya kundi imekatwakatwa vipande vya MiB 4, na voliumu ni orodha ya vipande tu: hiki kipo diski ya kwanza, kile kipo diski ya pili. Ndiyo maana inaweza kurefushwa wakati wowote bila kuhamisha data yoyote. Orodha inaongezwa vipande, basi.

Tuseme seva ina diski yake ya mfumo na diski nyingine ya data, TB 4. Kabla ya lolote:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL

Linganisha namba hiyo ya mwisho na ile iliyobandikwa kwenye diski yenyewe. Hapa tuseme diski ya data ni sdb. Usikisie, maana amri zinazofuata zinafuta, na sda na sdb huweza kubadilishana majina seva ikiwashwa upya. Utaona pia TB 4 zimeandikwa 3.6T. Diski ni nzima. Kiwanda huhesabu kwa 1000 na lsblk huhesabu kwa 1024, kipimo kinachoandikwa MiB, GiB au TiB.

Sasa andikisha diski, unda kundi liitwalo data, kata voliumu mbili, kisha uziwekee mifumo ya mafaili, moja ya aina ya XFS na nyingine ext4:

pvcreate /dev/sdb
vgcreate data /dev/sdb
lvcreate -L 200G -n pgsql data
lvcreate -L 500G -n mafaili data
mkfs.xfs /dev/data/pgsql
mkfs.ext4 -m 1 /dev/data/mafaili

Sasa andika vgs, amri inayoonyesha makundi. Chini ya VFree kuna karibu TiB 3 ambazo hazijapewa mtu, na wengi hapa roho huwauma, wakaona ni uharibifu. Si uharibifu hata kidogo. Mzazi anayemshonea mtoto sare ya shule huacha upindo, kwa sababu kuushusha ni rahisi na kuunga kitambaa kilichokwisha kukatwa ni taabu. Kwenye diski ni vivyo hivyo: kurefusha voliumu ni kazi ya sekunde huku watu wakiendelea kuitumia. Kupunguza ext4 kunataka uitenganishe na seva kwanza (umount), uikague kwa e2fsck, ndipo uipunguze. XFS kwa matumizi ya kawaida haipunguziki kabisa. Unachukua nakala ya kila kitu, unaiumba upya ikiwa ndogo, unarudisha. Huo ni usiku mzima.

Ile -m 1 ina sababu. Bila kuambiwa, ext4 hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya root, msimamizi mkuu wa mfumo, peke yake. Kwenye diski ya mfumo akiba hiyo ni ya maana, maana huduma za root huendelea kuandika hata wengine wakikwama. Kwenye GiB 500 za mafaili ya watumiaji ni GiB 25 zilizofungiwa bure.

Siku hifadhidata ikikaribia kujaa:

lvextend -r -L +100G data/pgsql

Herufi -r ndiyo inayosahauliwa. Inaiagiza LVM irefushe na mfumo wa mafaili uliomo. Ukiiacha, lvs, inayopima voliumu, itasema 300 na df, inayopima mfumo wa mafaili, itaendelea kusema 200, mtu adhani diski imeharibika. Dawa yake ni xfs_growfs kwa XFS au resize2fs kwa ext4, na huduma haizimwi.

Kwenye /etc/fstab, faili linalotaja voliumu za kupachikwa seva ikiwaka, wengi wamefundishwa kuandika UUID, namba ya utambulisho ya mfumo wa mafaili. Kwa LVM mimi naandika njia yenyewe, /dev/data/mafaili, kwa sababu LVM huzitambua diski kwa alama iliyoandikwa ndani yake, hivyo jina hilo halihami. Tena snapshoti, yaani picha ya voliumu ilivyokuwa wakati fulani, hurithi UUID ya voliumu mama, na mbili zenye UUID moja ni utata usiohitajika. Kwa seva iliyo mbali ongeza nofail, neno linaloruhusu seva iendelee kuwaka bila diski hiyo, la sivyo diski ya data ikikosekana systemd, programu inayowasha huduma zote, itaingia hali ya dharura na itabidi mtu asafiri akachomeke kibodi. Lakini ukishaweka nofail, hakikisha huduma ya hifadhidata ina RequiresMountsFor, sharti la kutoanza kabla voliumu haijapachikwa, isije ikaanza kuandika kwenye folda tupu. Kisha jaribu ulichoandika kwa findmnt --verify na mount -a kabla ya kuwasha upya, si baada.

Jambo moja nalisisitiza kwa nguvu zangu zote: LVM ya kawaida haikulindi. Ukiongeza diski ya pili kwa vgextend na voliumu ikatandazwa juu ya zote mbili, diski yoyote kati ya hizo ikifa voliumu nzima imekwenda. Diski mbili zinataka RAID 1, yaani kila data iandikwe kwenye diski zote mbili, iwe ya programu ya mdadm chini ya LVM au ya LVM yenyewe kwa lvcreate --type raid1.

Ile nafasi isiyo na mwenyewe ina faida nyingine. Kabla ya kusasisha programu nzito, kata snapshoti:

lvcreate -s -L 20G -n kabla data/mafaili

Mambo yakiharibika, lvconvert --merge data/kabla inarudisha hali ya mwanzo. Kazi ikienda vizuri, ifute siku hiyohiyo. Snapshoti ya aina hii hupunguza kasi ya uandishi, na mabadiliko yakizidi hizo GiB 20 inabatilika yenyewe. Wala isihesabiwe kuwa bekapu, kwa kuwa inakaa kwenye diski ileile.

Mwisho, nakili /etc/lvm/backup kwenye mashine nyingine. Ni maandishi matupu yanayoeleza kipande kipi kipo wapi, na mtu akikosea akaandika juu ya mwanzo wa diski, vgcfgrestore itayahitaji maandishi hayo ili kuijenga upya ramani. Yanakili tena kila unapobadilisha ukubwa wa voliumu.