Mwalimu Ameuona Wizi wa Maandishi, Mbona Kanyamaza?

Katika aya ya tatu ya insha ile kulikuwa na sentensi iliyoanza hivi: "Kama Jedwali 4.2 linavyoonyesha…" Insha nzima ilikuwa na kurasa sita na haikuwa na jedwali hata moja. Mwalimu aliyeniletea alikuwa amepiga mstari wa penseli chini ya maneno hayo, akaweka alama ya kuuliza pembeni, kisha akafuta vyote viwili. Ukiinamisha karatasi kuelekea kwenye mwanga uliona bado pale penseli ilipopita. Mwisho wa ukurasa wa sita aliandika alama 58 na maneno mawili: "Jitahidi zaidi."

Nilimuuliza kwa nini alifuta. "Nilijua kabisa si yake," akaniambia. "Lakini baada ya kujua, ningefanya nini?"

Kazi yangu ni kushughulikia maadili ya taaluma, na swali lile nimelisikia kwa walimu wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kwa wazazi, na kwa wanafunzi wanaokesha wakiandika kazi zao wenyewe, huja kwa sura nyingine na kwa hasira: mwalimu ameona, mbona hakuchukua hatua? Majibu ya haraka ni kwamba mwalimu ni mvivu, au anapendelea, au hajali. Wapo wa namna hiyo, sikatai. Ila wengi niliokaa nao mezani wanajali sana. Walinyamaza kwa sababu walipiga hesabu, wakaona kila njia iliyo mbele yao ina gharama isipokuwa ile ya kufumba macho.

Tukubaliane kwanza tunazungumzia nini. Wizi wa maandishi ni kuwasilisha maneno, mawazo au kazi ya mtu mwingine kana kwamba ni yako, bila kumtaja. Malalamiko yake ni ya kale. Martial, mshairi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alimwita mtu aliyekuwa akisoma mashairi yake hadharani kwa jina lake mwenyewe "plagiarius", neno la Kilatini lililotumika kwa mtu anayeiba watoto au watumwa wa wenzake. Kwake yeye, shairi lililochukuliwa lilikuwa sawa na mtoto aliyetekwa.

Kujua si kuthibitisha

Mwalimu aliyesoma kazi za mwanafunzi kwa miezi mitatu anaifahamu sauti yake. Anajua sentensi zake huwa fupi, anajua kiunganishi anachokipenda, anajua kosa la tahajia linalojirudia. Siku moja inafika kazi yenye sentensi ndefu zilizonyooka, na istilahi ambazo darasani hazijawahi kutajwa. Mwalimu anajua. Lakini kamati ya nidhamu haipokei "najua". Inataka chanzo kiwekwe mezani, mstari kwa mstari, na mara nyingi chanzo hakipatikani, kwa sababu kazi ilitafsiriwa kutoka lugha nyingine, au ilitoka kwa mwanafunzi wa mwaka uliopita, au iliandikwa kwa malipo. Biashara hii ya mwisho imekua kiasi kwamba Australia mwaka 2020, na England mwaka 2022, zilitunga sheria za kuwabana wanaouza kazi za masomo kwa wanafunzi.

Watu wengi hudhani programu za kulinganisha maandishi zimemaliza tatizo hili. Turnitin, inayojulikana kuliko nyingine, ipo tangu mwaka 1998. Inachofanya ni kuonyesha ni sehemu gani ya kazi inafanana na maandishi yaliyomo kwenye hifadhi yake. Kufanana si wizi. Kazi yenye asilimia 30 inaweza kuwa safi kabisa, kwa kuwa nukuu zilizofungwa vizuri, orodha ya marejeleo na hata swali lenyewe lililonakiliwa juu ya ukurasa vyote huhesabiwa vikiachwa bila kuchujwa. Kazi yenye asilimia 8 inaweza kubeba ukurasa mzima ulioibwa, maana asilimia 8 ya kurasa 12 ni karibu ukurasa mmoja. Anayehukumu kwa namba peke yake atamwadhibu asiye na hatia na kumwacha mwizi apite. Mwalimu mwangalifu anayafahamu haya, na uangalifu wake ndio unaomfanya asite.

Akili mnemba imeongeza ugumu. Mwezi Aprili 2023 Turnitin ilianza kutoa kipimo cha kukisia kama kazi imeandikwa na mashine. Mwezi Agosti mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kilikizima, na kikaeleza hesabu yake wazi: kampuni ilisema makosa ya kumshuku asiyehusika ni asilimia 1, chuo kilipokea kazi 75,000 mwaka 2022, kwa hiyo karibu kazi 750 zingeweza kushukiwa bure. OpenAI, waliotengeneza ChatGPT, walikuwa wameondoa kipimo chao wenyewe mwezi Julai kwa sababu hakikuwa na usahihi wa kutosha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipima vipimo kadhaa vya aina hii wakakuta kwamba zaidi ya nusu ya insha za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza zilidhaniwa kuwa za mashine. Msomaji unayesoma makala haya kwa Kiswahili, jiweke mahali pa mwanafunzi huyo aliyeandika kila neno kwa mkono wake. Mwalimu anayekataa kumtuhumu mtu kwa kutegemea kipimo cha namna hiyo sitamwita mlegevu.

Muda, na upweke

Chukua mwalimu mwenye kazi 90 za kusahihisha. Akitumia dakika 15 kwa kila moja, ni saa 22 na nusu. Sasa aone kazi moja yenye dosari. Atatafuta chanzo, atakichapa, atapaka rangi aya zinazofanana, ataandika taarifa, atamwita mwanafunzi, atakaa kikao, na ikiwepo rufaa atakaa kikao cha pili. Siku nzima ya kazi inaweza kwenda kwa kesi moja, na hakuna mahali siku hiyo inapohesabiwa kuwa kazi. Akiona kazi tano zenye dosari, anachagua: awafuatilie watano, au awarudishie wale 85 kazi zao kwa wakati.

Hata huo muda angeuvumilia kama angekuwa na uhakika wa kusimamiwa. Mwaka 2001, katika shule ya sekondari ya Piper, jimbo la Kansas, Marekani, mwalimu wa biolojia aligundua kwamba wanafunzi 28 kati ya 118 walikuwa wamenakili sehemu za mradi wao kuhusu majani ya miti. Mradi huo ulikuwa nusu ya alama za muhula, na masharti ya somo, yaliyotiwa saini mapema na wanafunzi pamoja na wazazi, yalikuwa yamewaonya. Akawapa sifuri. Uongozi wa shule ukamuunga mkono. Wazazi wakaenda kwenye bodi ya elimu, na bodi ikaagiza wanafunzi wale wapewe sehemu ya alama, na uzito wa mradi ushushwe kutoka asilimia 50 hadi 30. Mwalimu akajiuzulu.

Ule uamuzi wa kushusha uzito ndio unaoniuma zaidi. Uliwagusa hata walioutolea jasho mradi huo, kwa kuwa kazi yao nzuri sasa ilibeba uzito mdogo. Na walimu huzungumza. Kisa kimoja cha mwenzao aliyeachwa peke yake mbele ya wazazi hufundisha chumba kizima cha walimu kunyamaza, na hakuna waraka wa uongozi utakaofuta somo hilo upesi.

Adhabu inapokuwa kubwa kuliko kosa

Kuna sababu nyingine ambayo walimu huitaja kwa sauti ya chini, kana kwamba ni aibu: huruma. Pale ambapo kanuni ina adhabu moja tu, yaani kufutiwa somo au kusimamishwa masomo, mwalimu hujikuta ameshika nyundo mbele ya mtoto aliyevunja kikombe.

Makosa haya hayalingani. Yupo aliyelipa aandikiwe tasnifu nzima. Yupo aliyesahau alama za kufungua na kufunga usemi. Na yupo wa katikati, ambaye ndiye tunayekutana naye zaidi: amechukua aya ya mtu, akabadilisha maneno matatu kwa visawe, akageuza sentensi moja kichwa chini miguu juu, akaamini kwa dhati kwamba ameandika kwa maneno yake mwenyewe. Rebecca Moore Howard, mtafiti wa uandishi kutoka Marekani, aliieleza tabia hii katika miaka ya 1990, akailinganisha na kushona viraka, na akasema mara nyingi ni hatua ambayo mwanafunzi hupitia anapojaribu kuingia katika lugha ya taaluma asiyoimudu bado. Nakubaliana naye. Mtu asiyeelewa alichosoma hawezi kukisema upya; anaweza kukibandika tu. Anayemfikisha huyu mbele ya kamati amekosea dawa. Anayempa alama 58 na "Jitahidi zaidi" hakumpa dawa yoyote.

Nitaje pia, kwa kifupi, kwamba baadhi ya walimu hunyamaza kwa kuwa swali walilotoa ni lilelile la miaka sita iliyopita, na majibu yake yanazunguka miongoni mwa wanafunzi kama daftari la urithi. Kumshitaki mwanafunzi kungefichua na hilo.

Gharama ya kimya

Watu hudhani anayeumia mwalimu anaponyamaza ni yule aliyeandika mwenyewe akapata 55 huku jirani yake akipata 58 za kubandika. Ni kweli anaumia, na anajua, kwa sababu wanafunzi hujua nani alinakili kabla mwalimu hajafungua bahasha. Lakini nimeona wanaoumia zaidi kwenye vikao vya mwaka wa mwisho. Mwanafunzi analetwa kwa tasnifu iliyonakiliwa sura nzima. Faili lake ni jeupe. Ukimuuliza, anakwambia kwa mshangao usio wa kuigiza kwamba ameandika hivyo tangu mwaka wa kwanza na hakuna aliyewahi kumwambia kitu. Ukiwauliza walimu waliomfundisha, mmoja mmoja, watatu au wanne wanakiri waliona. Kila mmoja alidhani ni mara ya kwanza. Kila mmoja alitaka kumpa nafasi moja. Nafasi nne zikawa mazoea, na sasa anakabiliwa na adhabu kubwa kuliko zote kwa kosa ambalo lingerekebishwa kwa dakika 10 mapema.

Ndiyo maana msimamo wangu ni kwamba shule na vyuo visianze kwa kuongeza ukali. Vianze kwa kuifanya hatua ya kwanza iwe nyepesi na salama kwa mwalimu: mazungumzo mafupi na mwanafunzi, kazi irudiwe, na mistari miwili iandikwe mahali ambapo mwalimu wa muhula ujao anaweza kuisoma. Mistari hiyo isiwe hukumu. Kazi yake ni kuhakikisha nafasi ya kwanza inakuwa ya kwanza kweli. Kesi nzito, kama za tasnifu zilizonunuliwa, zichukuliwe na watu wengine walioandaliwa na kupewa muda, mwalimu abaki shahidi tu.

Mazungumzo yenyewe yana namna yake. Usianze na "umeiba". Mpe karatasi yake, mwonyeshe aya, umwombe akueleze inasema nini. Aliyeiandika ataieleza, hata kama kwa kubabaika. Mwoga si mwongo, na kubabaika peke yake si ushahidi. Muulize alianza na chanzo kipi, aliandika sehemu gani kwanza, rasimu zake ziko wapi. Msikilize mpaka mwisho kabla hujasema neno. Wazazi nao wanaweza kusaidia kwa kumuuliza mtoto swali hilohilo nyumbani kabla kazi haijakusanywa: niambie hapa umesema nini.

Mwalimu wa Jedwali 4.2 alikubali kujaribu. Alimwita kijana, akaweka kidole kwenye sentensi ile, akauliza: "Jedwali lenyewe liko wapi?" Kijana aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Kisha akasema ameitoa kwenye ripoti ya Kiingereza, ameitafsiri aya kwa aya, na hakujua kwamba tafsiri nayo inahitaji kutajiwa mwenyewe. Waliisoma ile ripoti pamoja kwa nusu saa, wakatoa maelezo ya maneno machache machache, wakaifunga. Wiki iliyofuata alileta insha ya kurasa mbili na nusu, yenye chanzo kilichotajwa mara nne na aya moja iliyokatika njiani. Mwalimu alimpa 51 badala ya zile 58, akaandika mistari yake miwili kwenye kumbukumbu. Kijana alizipokea alama bila kukata rufaa, akauliza kama anaweza kuirekebisha ile aya iliyokatika.