OK Jazz na hadithi zetu za vijiweni

Wimbo wa "Mario" ukipigwa harusini, kwenye meza ya wazee hakosi bingwa mmoja wa habari za Franco, mpiga gitaa wa Kongo, na bendi yake ya OK Jazz. Nimekaa na mabingwa hao miaka mingi, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Mengi tuliyokuwa tukiapa kwamba ni kweli, si kweli.

Tuanze na jina. Bingwa atakuambia OK ni Orchestre Kinois, yaani bendi ya watu wa Kinshasa. Maana hiyo ilibandikwa baadaye. Juni 1956, wanamuziki wa studio ya Loningisa pale Léopoldville (ndiyo Kinshasa ya leo) walikuwa wakipiga kwenye baa ya bwana mmoja, Oscar Kashama. Herufi za jina lake zikawa jina la baa, na jina la baa likawa la bendi. "Tout Puissant" (yenye nguvu zote), ile TP ya mbele katika TP OK Jazz, ilikuja bendi ilipokwisha kuwa jabali. Na neno Jazz lisikupeleke New Orleans: ni jazz ileile ya Morogoro Jazz, Western Jazz na Tabora Jazz, yaani bendi ya dansi, basi.

"Franco ndiye aliyeianzisha." Hapa ndipo ninapobishana na watu mpaka bia inapoa. Franco alizaliwa Julai 1938, kwa hiyo bendi inaanza yeye hajatimiza hata miaka 18. Alikuwa mmoja wa waanzilishi, na gitaa lake lilikwisha kupata wapenzi, lakini kiongozi wa kwanza alikuwa Jean Serge Essous, mpuliza klarineti kutoka ng'ambo ya mto, Brazzaville. Mwaka haujaisha, Essous, mwimbaji Rossignol na mpiga tumba Pandi wakahamia bendi ya Rock-a-Mambo. Wangekuwa watu wengine, bendi ingekufa pale pale. Vicky Longomba, mwimbaji, akashika uongozi, na kwa miaka mingi OK Jazz ilikuwa na wakubwa wawili. Vicky alipoondoka, miaka ya 1970 ikiingia, ndipo Franco akabaki bosi bila mwenzake. Tunachokikumbuka sisi ni kipindi hicho cha mwisho, tukadhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Kosa hilo limezaa jingine: kwamba kila wimbo wa OK Jazz ni wa Franco. Simaro Lutumba aliingia mwaka 1961 akipiga gitaa la ridhimu, akawa mtunzi ambaye Wakongo wenyewe humwita mshairi. "Mabele" ni yake. "Ebale ya Zaïre" ni yake. Sauti katika nyimbo hizo mbili si ya Franco wala ya Simaro, ni ya Sam Mangwana. "Maya" vilevile ni ya Simaro, akaimba Carlyto. Hata kwenye magitaa palikuwa na kazi ya pamoja: kati ya solo na ridhimu walitia gitaa la tatu, mi-composé, na ukilitoa hilo, ule mchemko wa sebene, sehemu ya magitaa ya kuchezea, unapungua nusu.

Turudi kwa "Mario". Hiyo ya mwaka 1985 ni ya Franco kweli, ila ile sauti laini inayopanda ni ya Madilu System. Franco ni yule mwenye sauti nzito, anayegomba. Anagomba nini? Anamsema kijana msomi aliyehamia kwa mama mtu mzima, anakula, anavaa, anaendesha gari la mwenyewe, kisha anamsumbua huyo huyo anayemlisha. Nasi tunaupiga wakati maharusi wanakata keki! Haimaanishi ujumbe haukufika: mwanaume wa kulelewa Dar es Salaam anaitwa marioo mpaka leo.

"Indépendance Cha Cha" si wimbo wa OK Jazz. Ni wa African Jazz ya Joseph Kabasele, Grand Kallé, uliozaliwa Brussels mwaka 1960 wakati wanasiasa wa Kongo wanajadiliana na Wabelgiji kuhusu uhuru. Ila anayekosea hapa namsamehe kidogo, maana Kabasele aliazima watu wawili wa OK Jazz kwa safari ile: Vicky Longomba na mpiga gitaa Brazzos.

Halafu kuna wanaosema Franco alikuwa kasuku wa Mobutu, mtawala wa Kongo wa wakati huo. Mwaka 1984 alitoa "Candidat na biso Mobutu", wimbo wa kampeni mtupu, na nishani ya taifa alikwisha kuivaa. Hilo halifutiki. Lakini mwaka 1966, Mobutu alipowanyonga wanasiasa wanne hadharani, Franco alitoa "Luvumbu Ndoki", kisa cha Kikongo cha chifu anayewatoa kafara watu wake. Santuri ikapigwa marufuku, mwenyewe akavukia Brazzaville kusubiri upepo upite. Mwaka 1978 akafungwa kwa sababu ya "Hélène" na "Jacky", nyimbo zilizohesabiwa matusi. Mtu wa kasri na mtu wa jela, kwa zamu. Mimi sijaweza kumweka upande mmoja.

Kuuita muziki wenyewe "Lingala", kama tulivyozoea huku, si dhambi kubwa, ila Lingala ni lugha. "Kinsiona", kilio cha Franco kwa mdogo wake Bavon Marie-Marie aliyekufa kwa ajali ya gari mwaka 1970, kimeimbwa kwa Kikongo.

La mwisho, kwamba bendi ilizikwa na Franco. Alifariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, na OK Jazz ikaendelea kupiga chini ya Simaro hadi mwaka 1993, ilipokorofishana na familia ya marehemu. Simaro na waimbaji Josky na Ndombe wakajitenga wakaunda Bana OK, watoto wa OK. Na ile harusi ya "Mario", wazee wakishachoka, vijana hudai "Vuta Pumz" ya kundi la Longombas wa Nairobi. Hao ni wajukuu wa Vicky.