Baridi yabisi: maswali ya wagonjwa kuhusu kinga ya mwili na dawa

Kinga ni ya kunilinda. Imekuwaje inishambulie?

Kazi kubwa ya kinga ni kutambua kilicho chake na kisicho chake. Katika baridi yabisi, ugonjwa unaovimbisha na kuumiza viungo, utambuzi huo huharibika, na mara nyingi hauanzii kwenye viungo. Moshi wa sigara kwenye mapafu, au fizi zilizougua kwa muda mrefu, huweza kubadilisha kidogo umbo la baadhi ya protini za mwili. Kwa mtu aliyerithi aina fulani za jeni iitwayo HLA-DRB1, seli za kinga huziona protini hizo kuwa ngeni na kuanza kutengeneza kingamwili, yaani protini za kushambulia adui, dhidi yake. Kingamwili hizi huweza kukaa kwenye damu miaka kadhaa kabla kiungo cha kwanza hakijauma.

Baadaye vita huhamia kwenye utando laini unaozunguka kiungo kwa ndani. Seli za kinga humiminika humo na kutoa kemikali za kuitana, zikiwemo TNF na interlukini-6. Utando huvimba, hunenepa na kutambaa juu ya gegedu, yaani tishu laini inayofunika ncha za mifupa, huku seli zenye kazi ya kumeng'enya mfupa zikichochewa kupita kiasi. Ndiyo maana vidole na viganja huamka vimekaza, mara nyingi mikono yote miwili, na huchukua saa nzima au zaidi kulegea. Kemikali hizohizo husambaa mwilini kote na kuleta uchovu mzito na upungufu wa damu. Mgonjwa anayesema amechoka hadi mifupani si mvivu wala hajidekezi.

Basi nitumie virutubisho vya kuongeza kinga?

Tafadhali usitumie kwa lengo hilo. Kinga yako inafanya kazi kwa nguvu, ila imekosea adui. Ugonjwa hautibiwi kwa kuichochea zaidi. Linaloniumiza zaidi ni muda unaopotea. Mifupa huweza kuanza kulika ndani ya miezi michache ya mwanzo, na mfupa ulioliwa haurudi kama ulivyokuwa. Isitoshe, baadhi ya dawa za viungo zinazouzwa kama za asili zimepimwa na kukutwa zimetiwa kwa siri steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Mtu hupata nafuu ya haraka, kisha uso unavimba na sukari inapanda, na akiziacha ghafla anaweza kuzidiwa vibaya.

Kipimo cha damu kimetoka safi. Nimepona?

Si lazima. Wapo wagonjwa wasio na kingamwili za ugonjwa huu kwenye damu kabisa, na wapo watu wazima wa afya wanaokutwa na mojawapo. Daktari huunganisha vipimo na anachokiona na kukigusa kwenye viungo vyako.

Dawa zinafanya nini hasa?

Dawa za maumivu kama ibuprofeni hutuliza tu. Hazizuii mfupa kuliwa. Steroidi hutuliza uvimbe kwa kasi. Mwaka 1948 daktari Philip Hench wa Marekani alimpa mgonjwa wa baridi yabisi kotisoni, aina ya steroidi, kwa mara ya kwanza, na mgonjwa aliyekuwa hawezi kutembea akasimama. Madhara yake yalijulikana muda si mrefu baadaye, ndiyo maana leo hutolewa kwa kiwango kidogo na kwa muda mfupi iwezekanavyo.

Msingi wa tiba ni dawa zinazobadilisha mwenendo wa ugonjwa, na ya kwanza kwa wengi ni methotrekseti. Hunywewa mara moja kwa wiki. Nasisitiza hili kwa sababu watu wamepoteza maisha kwa kuimeza kila siku. Chagua siku moja, iandike, mwambie na mtu wa nyumbani. Huambatana na asidi ya foliki ili kupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo, na damu hupimwa mara kwa mara kuangalia ini, figo na chembe za damu. Huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi yake. Wengi hukata tamaa wiki ya tatu, kabla haijapewa nafasi.

Isipotosha, zipo dawa za kibayolojia zinazolenga sehemu moja tu ya kinga. Mwaka 1992 jijini London, Marc Feldmann na Ravinder Maini walianza kuwapa wagonjwa kingamwili ya kuzuia TNF, na hali zao zikabadilika waziwazi. Nyingine huzuia interlukini-6, au hupunguza seli B, yaani seli za kinga zinazohusika na kutengeneza kingamwili.

Zikipunguza kinga, si nitaugua magonjwa mengine?

Hatari ya maambukizi huongezeka, na hujulikana inakotoka. TNF husaidia kuvifungia vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mwilini, kwa hiyo ukiizuia vinaweza kuamka. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuanza dawa hizo hupimwa kifua kikuu na homa ya ini aina ya B. Kamilisha chanjo mapema, kwa kuwa zile zenye vijidudu hai kwa kawaida hazitolewi ukiwa kwenye dawa hizi. Ukipata homa, wasiliana na kliniki siku hiyohiyo wakuambie kama usitishe dozi kwa muda.

Ninataka kupata mtoto. Nifanye nini?

Mwambie daktari kabla ya kushika mimba. Methotrekseti hudhuru mimba na husimamishwa mapema, kwa kawaida mwezi 1 hadi miezi 3 kabla. Haidroksiklorokwini na sulfasalazini, dawa nyingine za baridi yabisi, huweza kuendelea. Wanawake wengi hupata nafuu wakati wa ujauzito, kisha ugonjwa huchachamaa miezi ya kwanza baada ya kujifungua. Panga mapema na daktari dawa utakayotumia ukiwa unanyonyesha.