Je, wajua kwa nini mchezaji wa tenisi huficha vidole nyuma ya mgongo?

Ukitazama tenisi ya wanaume wawili wawili, utaliona jambo hili kabla ya servisi nyingi, yaani mipigo ya kuanzisha pointi. Mmoja yuko nyuma kabisa, anadundisha mpira. Mwenzake yuko mbele karibu na wavu, ameinama kidogo, macho kwa wapinzani. Mkono wake mmoja uko nyuma ya mgongo, vidole vinafunguka na kufumba. Yule wa nyuma anaitikia, kisha mpira unarushwa juu.

Kwa miaka mingi niliamini kuwa ishara ile ni agizo tu: piga pembeni, piga katikati. Nilivyoamini ndivyo nilivyowaeleza na wengine, tena kwa uhakika kabisa. Si uongo mtupu, maana kidole kimoja kwa kawaida huonyesha servisi ielekee wapi. Lakini hiyo ni nusu moja ya ujumbe, na ndiyo nusu nyepesi. Nusu nzito inamhusu anayetoa ishara mwenyewe. Anamwahidi mwenzake: mpokeaji akirudisha mpira, mimi nitavuka kwenda upande wa pili kuukata, au, mimi nitabaki hapa hapa. Katika jozi nyingi kiganja wazi ni kuvuka na ngumi ni kubaki. Vidole vikichezacheza, mara nyingi maana yake ni kujifanya anavuka halafu arudi. Hata hivyo kila jozi hujitungia lugha yake, na ngumi ya hawa inaweza kuwa kiganja cha wale.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi. Nilidhani ahadi hiyo haina haja: mpiga servisi yuko nyuma, anamwona mwenzake, basi amtazame tu na kumfuata. Hesabu inakataa. Uwanja una urefu wa mita 23.77. Mpokeaji akiwa kwenye mstari wa nyuma, mpira aliourudisha husafiri kama mita 14 kumfikia mchezaji wa wavuni. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, safari hiyo ni nusu sekunde. Toa takriban sehemu mbili za kumi za sekunde ambazo macho na mwili huhitaji ili kuitikia, na muda unaobaki unatosha hatua moja au mbili. Kwa hiyo anayetaka kuvuka lazima aondoke kabla hajajua mpira unakwenda wapi. Na akiondoka, anaacha pengo. Uwanja wa wawili una upana wa mita 10.97, ni kama shuka fupi, ukilivuta kichwani miguu inabaki nje. Mpiga servisi naye hana muda wa kuona, kuelewa, kisha kukimbilia pengo. Inabidi awe anajua tangu mwanzo.

Fikiria watu wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa michi miwili. Hakuna anayengoja kuona mchi wa mwenzake umefika wapi ndipo ainue wake. Kila mmoja anajua zamu yake kabla haijafika, na mikono inakwenda kwa kuaminiana. Wakianza kutazamana na kungojana, michi itagongana. Ishara ya nyuma ya mgongo ndiyo inayopanga mdundo huo, ila hapa mdundo unaweza kubadilika kila pointi.

Hapo nusu mbili za ishara zinaungana. Servisi ya katikati humvuta mpokeaji katikati ya uwanja, na kutoka hapo pembe za kupigia hupungua. Mpira mwingi hurudi pale pale anapovukia mchezaji wa wavuni. Servisi ya pembeni humfungulia mpokeaji njia ya kupiga moja kwa moja kwenye ukanda wa kando, ule wa mita 1.37 unaotumika kwa wawili wawili tu. Ndiyo maana kuvuka huku servisi ikienda pembeni ni hatari, ingawa wapo wanaothubutu kwa sababu hakuna anayelitarajia. Na ndiyo maana ya kuficha: mpokeaji akijua nani anahama, atapiga palipoachwa wazi.

Siku hizi jozi nyingi hukutana kati ya pointi na kunong'onezana, mpira au mkono ukiziba mdomo. Lakini servisi ya kwanza ikikosewa mpango unaweza kubadilika, na hakuna nafasi ya kukutana tena. Vidole vinafanya kazi hiyo papo hapo.

Mfano mzuri wa ugumu wa kuipenya servisi ya jozi iliyopangika ni fainali ya wanaume wawili wawili ya Wimbledon ya Julai 2024. Harri Heliövaara wa Finland na Henry Patten wa Uingereza waliwashinda Waaustralia Max Purcell na Jordan Thompson kwa 6-7, 7-6, 7-6. Kabla ya kuhesabu taibreki, yaani gemu za kuvunja sare, zilikuwa zimechezwa gemu 36, kila upande umeshinda 18. Washindi walinusurika pointi tatu ambazo zingewapa wapinzani kombe, na taibreki ya mwisho ikaisha 11-9.

Mpangilio unaonivutia kuliko yote ni ule ambao mchezaji wa wavuni huchuchumaa katikati kabisa, chini ya njia ya mpira, ili asijulikane atachomoka kulia au kushoto. Servisi ya kilomita 200 kwa saa inapita juu ya kichwa chake naye haioni. Kitu pekee anachokijua ni kile walichokubaliana. Ikimgonga mgongoni, sheria huihesabu kuwa servisi iliyokosewa. Kama ilikuwa ya kwanza, anarudi pale pale, anachuchumaa tena, na mkono unarudi nyuma ya mgongo.