Rais hakufuta sheria, alisogeza tarehe

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na mwanafunzi ninayemwamini sana: "Mwalimu, rais wa Marekani akishasema ni usalama wa taifa, si sheria imefutika?" Haijafutika. Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo.

Chukueni Sheria ya Ubalozi wa Jerusalem ya 1995. Bunge la Marekani lilitaka ubalozi wa nchi hiyo huko Israel uhame Tel Aviv kwenda Jerusalem kufikia 31 Mei 1999. Rais Clinton hakuitia saini, ikawa sheria vivyo hivyo. Nguvu yake iko kwenye mfuko: ubalozi usipofunguliwa Jerusalem, nusu ya fedha za Wizara ya Mambo ya Nje za kununua na kutunza majengo ya nje haziguswi. Kifungu cha 7 kinamruhusu rais kusimamisha zuio hilo kwa miezi 6, akiona ni lazima kwa maslahi ya usalama wa taifa, na baada ya kulitaarifu Bunge.

Kinachowapoteza watu ni neno "msamaha", ambalo ruhusa hiyo ya rais huitwa. Kwetu msamaha wa rais ni wa mfungwa: lango linafunguliwa, anakwenda kwao, hadaiwi kitu. Huu sio huo! Isomeni hati yenyewe. Ni barua fupi ya rais kwa Waziri wa Mambo ya Nje: inataja kifungu, inataja miezi 6, inaagiza Bunge lipelekewe ripoti. Basi. Muda ukiisha bila saini mpya, zuio linarudi lenyewe. Ndiyo maana Clinton, Bush na Obama walisaini tena na tena. Trump naye alisaini Juni 2017, kisha akasaini tena 6 Desemba, siku ileile aliyoitambua Jerusalem kuwa mji mkuu, kwa kuwa ubalozi ulikuwa bado Tel Aviv. Ulifunguliwa Jerusalem 14 Mei 2018.

Wengine husema usalama ulikuwa kisingizio tangu mwanzo. Sikubali. Clinton alisaini mara ya kwanza Juni 1999, miezi 10 tu baada ya balozi za Nairobi na Dar es Salaam kulipuliwa. Kufunga nusu ya fedha za majengo wakati ule kungewaacha watu ndani ya kuta dhaifu.

Ila sheria haikueleza usalama wa taifa ni nini, na wanasheria wa serikali walishaonya 1995 kwamba muswada ule unaingilia madaraka ya rais. Nadhani kifungu cha 7 kiliwaepusha wote na mahakama. Saini ya kwanza naitetea popote. Ile ya thelathini na kitu, nikiulizwa darasani, sina hoja ya kuisimamia.